Umetoa Wapi Maneno Haya?

Vijana wangu, nilipokuwa kazini wanafunzi walinipa jina wakidhani silijui. Waliniita Mama Umetoa Wapi. Nikitokeza kwenye veranda ya bweni, mmoja anasema kwa sauti ya chini, "Umetoa Wapi huyo anakuja," na waliokuwa wakipiga soga wanashika madaftari haraka haraka. Nililijua jina hilo tangu muhula wangu wa kwanza, na nililipenda. Mkufunzi wa mifugo walimwita Kwato, wa hesabu walimwita Kipara, mimi wakaniita kwa swali langu mwenyewe. Ningetaka nini zaidi?

Juzi mjukuu wangu anayesoma chuo alinieleza kwamba siku hizi ipo mashine inayosoma kazi ya mwanafunzi na kusema hapa ameiba, hapa hakuiba. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sisi hapa Ifakara, miaka ile ya tisini, mashine ilikuwa mimi na miwani yangu, pamoja na vitabu vichache nilivyovisoma mpaka nikajua kila kimoja kinakohoa vipi. Nimeona nikae niwaandikieni kidogo juu ya kazi ile, maana naona mnafundishwa kutaja vyanzo kama watu wanaofundishwa kuogopa polisi. Mimi niliifanya kazi hiyo kwa furaha na nilishinda. Nasema wazi, bila kujishusha, kwamba nilishinda.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, nje kidogo ya mji, cha kuwafunza mabwana shamba na mabibi shamba. Maktaba ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lisilofungika vizuri, na mchwa walikuwa wasomaji wetu wakubwa. Kabla ya kumaliza, kila mwanafunzi alipaswa kuandika kazi yake ya utafiti kwa Kiswahili, juu ya jambo alilolichunguza mwenyewe kijijini. Mimi nilifundisha somo ambalo kwenye ratiba liliitwa Mbinu za Uandishi, na ambalo wanafunzi waliliona kama muda wa kupumzisha kichwa baada ya somo la wadudu waharibifu. Hawakupumzika.

Nianze na Bonifasi wa Mang'ula, kijana mpole, mrefu, mwenye mwandiko mzuri kuliko niliowahi kuuona. Aliniletea sura nzima juu ya udongo. Nikasoma mistari michache tu, nikaenda rafuni, nikarudi na kitabu, nikakifungua mbele yake. Neno kwa neno, mpaka mkato kwa mkato.

"Bonifasi, umetoa wapi maneno haya?"

"Nimeandika mwenyewe, mwalimu."

"Na haya hapa kitabuni?"

Akayatazama, kisha akanitazama mimi, macho meupe yasiyo na hatia hata chembe. "Ndiyo hayo hayo, mwalimu. Lakini mwandiko ni wangu. Hebu angalia."

Msimcheke haraka. Kijana yule hakuwa akidanganya. Tangu darasa la kwanza alikuwa amesoma katika shule ambako kitabu kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa cha mwalimu. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, na anayenakili bila kukosea hata nukta anapigiwa makofi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi nzuri ya mwanafunzi. Sasa anafika chuoni, anakutana na mama mmoja mwenye miwani anamwambia kwamba kile alichopigiwa makofi miaka yote ni wizi. Angeelewa vipi?

Nilikifunga kitabu nikakikalia. Kabisa, nilikikalia. Nikamwambia, "Haya, niambie udongo wa shamba la baba yako ukoje." Akaanza kwa aibu, kisha akachangamka: unavyonata kwenye jembe baada ya mvua, unavyopasuka kiangazi mpaka mtoto anaweza kuingiza mguu, sehemu ya juu karibu na milima ambako migomba inakubali, na sehemu ya chini ambako inakataa. Alizungumza mpaka kengele ya chakula ikalia. Nikamwambia, "Hayo ndiyo yako, yaandikie jina lako. Ya kitabuni yaandikie jina la mwenye kitabu. Yote mawili yanakaa kwenye karatasi moja bila kugombana." Tangu siku hiyo sikumwadhibu mtu kwa kunakili mara ya kwanza. Mara ya pili lilikuwa jambo jingine.

Wapo walioiba kwa makusudi, na hao walinipa raha ya aina yake. Mwizi wa maandishi ana haraka, na mwenye haraka huacha nyayo. Kuna mmoja aliandika, "Kama nilivyoeleza katika sura ya sita," na kazi yake ilikuwa na sura nne. Nilimwomba sura ya sita kwa upole kila nilipokutana naye, kwenye bwalo, kwenye bomba, mpaka akaja ofisini mwenyewe kuomba aanze upya.

Lakini bingwa wao wote alikuwa Deo. Huyu alichukua kazi ya rafiki yake aliyemaliza mwaka wa nyuma, akainakili kuanzia jalada, na kwa kuwa hakutaka kupoteza hata kitu, akanakili na ukurasa wa shukrani. Nikauchukua ukurasa huo darasani.

"Deo, kwanza hongera."

"Ya nini, mwalimu?"

"Umeoa kimya kimya hivyo? Naona hapa unamshukuru mke wako mpenzi Asteria kwa uvumilivu wake."

Kiti kimoja kikalia, kisha kicheko kikalipuka kama mvua juu ya bati. Kila mtu alimjua Asteria. Alikuwa anauza ndizi pale Mkula barabarani, na mumewe, yule rafiki, alikuwa tayari bwana shamba mwenye kifua kipana. Deo aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Kwa muda mrefu baadaye gari lolote likipita Mkula, wenzake walimuuliza kama hashuki kumsalimia mkewe. Aliandika kazi mpya, juu ya panya wa maghalani, na ilikuwa nzuri, na ukurasa wa shukrani aliuacha mtupu.

Sasa niwape ufundi, maana hadithi bila ufundi ni kupoteza muda wenu. Sisi hatukuwa na kompyuta. Tulikata maboksi ya chaki tukapata kadi ndogo ngumu. Kadi moja, wazo moja. Na hili ndilo nililolipigia kelele mpaka sauti ikanikauka: juu ya kadi andika chanzo kwanza, kabla ya wazo lenyewe. Jina la mwandishi, kitabu, ukurasa. Ukianza na wazo ukasema chanzo utaandika baadaye, hiyo baadaye haiji. Utabaki na maneno mazuri mkononi hujui ni ya nani, na baada ya wiki utaanza kuamini ni yako.

Ukinakili maneno ya mtu yalivyo, yafunge kwa alama za kunukuu hapo hapo, wino ungali mbichi. Ukitaka kuyaeleza kwa maneno yako, funga kitabu, inuka, nenda bombani ukanywe maji, rudi uandike. Kama huwezi kuandika mpaka ukifungue tena, basi hujaelewa, na dawa ya kutoelewa ni kusoma tena. Kubadilisha neno moja moja, "mazao" ukaweka "mavuno", "ongezeka" ukaweka "kua", hakumdanganyi mtu. Ni kuvaa shati la mwenzio huku umebadilisha vifungo. Na hata ukieleza kwa maneno yako kabisa, wazo bado lina mwenyewe, kwa hiyo mtaje. Hapo ndipo wengi wenu mnapoanguka hata leo.

Hayo ya vitabu nilijifunza vitabuni. Ya watu nilifundishwa na Mzee Lyaunga.

Mzee Lyaunga alikuwa mkufunzi aliyenitangulia, Mpogoro mfupi mwenye sauti nzito, ambaye kabla ya kufundisha alizunguka bonde hili lote kwa baiskeli akiwa bwana shamba. Nilipoanza kazi alinikuta nasahihisha kazi ya mwanafunzi aliyeandika, "Wakulima wanasema." Akaweka kidole pale.

"Wakulima gani hawa, mama? Wamesimama wote kwa pamoja kama kwaya?"

Nikamwambia kwamba kanuni za makao makuu hazitambui chanzo kisicho kitabu. Akaguna. "Basi kwa kanuni hizo, bonde zima hili halijui kulima mpunga, maana hakuna aliyeliandika."

Akanieleza jinsi walivyotumwa ujumbe alipokuwa kijana, kutoka ng'ambo moja ya mto kwenda nyingine, wa msiba au wa posa. Mtu hakukuachia uondoke na maneno yake hivi hivi. Alikwambia, "Hebu rudia nilichosema." Unarudia. Ukikosea, anakusahihisha, unarudia tena, na hapo ndipo anakuruhusu uende. "Mkulima akikupa maneno," Mzee akasema, "mrudishie kwanza, uone kama bado ni yake. Ukishamsomea akakubali, muandike jina."

Nikaifanya sheria ya somo langu. Mwanafunzi akitumia maneno ya mkulima, mvuvi au mfua vyuma, anaandika jina lake, kijiji chake, kazi yake, namna ya kumpata, walizungumza msimu gani, na kama alirudi kumsomea. Walinung'unika vibaya! "Mwalimu, nirudi tena mpaka kule kwa ajili ya sentensi moja?" Rudi. "Mwalimu, barabara imekatika." Subiri ikauke, halafu rudi. Kanuni za makao makuu hazikututaka tufanye hivyo, na wakufunzi wenzangu wengine walisema nawachosha watoto bure. Mzee Lyaunga akastaafu akaenda zake Mahenge, mimi nikabaki na sheria yake na lawama zake.

Ndipo akaja Theodosia.

Theodosia alikuwa binti wa mkata miwa wa Kidatu. Wazazi wake walitoka kusini kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa, na yeye alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi. Miwa aliijua, mpunga aliuona kwenye sahani. Lakini kwa ukaidi wake akachagua kuchunguza mpunga mwitu, lile gugu linalofanana na mpunga wenyewe mpaka mwenye shamba analipalilia akidhani ni mali yake. Akaenda Mbingu likizo nzima, akakaa kwa akina mama wanaolima bondeni, akashika jembe nao. Alirudi na malengelenge mikononi na kazi ambayo niliisoma kwa mkupuo mmoja bila kuiweka chini.

Kila mwaka kazi bora zilipelekwa kwa msimamizi wa mitihani wa kutoka makao makuu. Mwaka huo alikuja mwenyewe, Bwana Kihwili, mtu mwembamba, mtaratibu, asiyecheka ovyo. Asubuhi moja nikaitwa kwa mkuu wa chuo. Theodosia alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma. Mezani kazi yake ilikuwa wazi, na kando yake taarifa moja ya zamani ambayo sikuwahi kuiona.

"Mwalimu," Bwana Kihwili akaniambia, "soma hapa, kisha usome hapa."

Kazi ya Theodosia ilisema hivi: "Mvua ya kwanza, ile iliyolowesha mpaka jembe likazama, uache mpunga mwitu uote wote, uufukie ungali mchanga, ndipo umwage mbegu yako." Aliyataja kuwa maneno ya Mama Kasiani, mkulima wa Mbingu. Na ile taarifa, iliyoandikwa miaka ya nyuma na mtaalamu mmoja aliyepita bondeni, ilisema hivi: "Mvua ya kwanza uache mpunga mwitu uote wote, uufukie ungali mchanga, ndipo umwage mbegu yako." Mtaalamu aliyaweka kama ushauri wake mwenyewe.

Ninyi mngesema nini? Mimi niliyewakamata akina Deo niliona nyayo pale, wazi kabisa.

"Sentensi hii haiwezi kuzaliwa mara mbili," Bwana Kihwili akasema. "Binti amenakili taarifa. Katikati amepachika maneno ya jembe kuzama ili isijulikane, halafu akaweka jina la mama wa kijijini ambaye hakuna atakayekwenda kumuuliza."

Mkuu wa chuo akasema adhabu inajulikana. Kuiba kwenye kazi ya mwisho iliyokwisha kupelekwa kwa msimamizi ni kuondoka bila cheti, na vyuo vingine vyote vinaarifiwa. Theodosia angerudi Kidatu kwa baba yake hana kitu, na mlango umefungwa nyuma yake.

Nikamgeukia. "Theodosia. Umetoa wapi maneno haya?"

Sijawahi kuuliza swali hilo nikiwa naogopa jibu kama siku hiyo. Yeye hakulia. Hakuapa. Alinyoosha kidole kwenye karatasi, chini kabisa ya ukurasa, pale nilipowachosha wote kuandika.

"Kwa Mama Kasiani, mwalimu. Nimeandika anapokaa. Nendeni mkamuulize."

Bwana Kihwili akasogeza karatasi karibu na macho, akasoma kwa sauti: Mbingu, nyumba iliyo nyuma ya ghala la kijiji, yenye mstafeli mlangoni, mazungumzo wakati wa palizi, amesomewa, akasahihisha, akakubali. Akaisoma tena kimoyomoyo. Mtu yule nilimheshimu kuanzia hapo, kwa sababu angeweza kucheka na kufunga jalada. Badala yake akamuuliza mkuu, "Gari la chuo lina mafuta?"

Tukaenda watatu, yeye, mimi na dereva. Theodosia aliachwa chuoni, kusudi asije akamkonyeza mtu. Barabara ya Mbingu wakati ule ilikuwa na mashimo yaliyojaa maji. Mimi nilikuwa naomba Mungu kimya kimya. Kama mama yule asingekuwepo, au kama angesahau, au kama binti alinidanganya, si yeye peke yake angeanguka. Kanuni yote ya Mzee Lyaunga ingetupwa shimoni siku hiyo hiyo, na nani tena angekubali maneno ya mkulima kuwa chanzo?

Ghala tuliliona, na mstafeli tukauona. Mama Kasiani alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta, mwanamke mnene mwenye makamo kama ya Bwana Kihwili mwenyewe, khanga kaifunga kifuani, na jirani zake wawili wako pembeni.

"Hodi hapa."

"Karibuni, karibuni. Leteni viti, wageni hawa." Akatupa togwa kabla hajauliza tumetoka wapi.

Bwana Kihwili alikuwa mjanja. Hakumtaja Theodosia, wala hakumwonyesha karatasi. Alikunywa togwa, akasifu mpunga, akauliza habari za mvua. Kisha kama mtu anayepitisha muda tu akasema, "Na huu mpunga mwitu, mama, ninyi huku mnaufanyaje?"

Mama Kasiani hakuacha kupepeta. "Aa, huo? Mvua ya kwanza uache mpunga mwitu uote wote, uufukie ungali mchanga, ndipo umwage mbegu yako."

Nilishika kiti kwa mikono miwili. Bwana Kihwili hakuinua hata nyusi.

"Mvua ya kwanza yoyote, mama?"

Ungo ukasimama. "Yoyote wapi! Si ninyi wageni mnaotuharibia! Ile iliyolowesha mpaka jembe likazama. Manyunyu ya mwanzo hayatoshi, yanatoa nusu, nusu inabaki chini inakungoja. Nilimwambia yule binti wa Kidatu hivyo hivyo. Aliporudi kunisomea alikuwa hakuandika hilo la jembe. Nikamwambia, hapana mwanangu, hujabeba yote, andika na jembe."

"Kweli," jirani mmoja akadakia. "Tulikuwepo. Alimrudisha nyuma mara ngapi sijui, mtoto wa watu mpaka jasho."

Bwana Kihwili akaiweka kata ya togwa chini taratibu. "Mama, zamani aliwahi kuja mtaalamu mwingine kukuuliza haya?"

"Alikuja mmoja, siku nyingi. Kwa gari jeupe. Nilimweleza yote, hata la jembe. Aliandika, akashukuru, akaenda zake." Akauchukua ungo wake. "Huyu binti ndiye aliyerudi."

Vijana, nimeishi miaka mingi na nimepata furaha zangu, nimeozesha watoto, nimejenga nyumba. Furaha ya pale nyuma ya nyumba ya Mama Kasiani sijaipata mara ya pili. Yale maneno ya jembe, ambayo asubuhi yalikuwa pazia la mwizi, ndiyo yaliyoonyesha kwamba Theodosia alikwenda kwa mwenyewe na kurudi. Kwenye taarifa hayakuwemo. Angeyanakili kutoka wapi?

Kwenye gari, tulipokaribia mji, Bwana Kihwili alinigeukia. Halafu akasema, "Kanuni hii ya kurudi kumsomea mtu, mwalimu, umeitoa wapi?"

Niliangua kicheko, na dereva naye akacheka, maana alilijua jina langu. "Kwa Mzee Lyaunga, mkufunzi mstaafu, yuko Mahenge. Nitakuandikia namna ya kumpata."

Alasiri hiyo Theodosia aliitwa tena ofisini. Bwana Kihwili alisimama alipoingia, jambo ambalo mkuu wa chuo hakulitegemea akalazimika kusimama naye. Alimwambia mbele yetu kwamba alimshuku, kwamba alikuwa na haki ya kumshuku, na kwamba ameridhika. Akampa alama ya juu kuliko wote. Ndipo sasa binti akalia, akalia kweli, na mimi nikalia naye. Alipotoka nje wenzake waliokuwa wamejibanza karibu na dirisha wakamnyanyua juu juu, Deo akiwa mbele, wakamzungusha uwanja mzima wakiimba. Na muhula uliofuata barua ikaja kutoka makao makuu kwamba vyuo vyote vya aina yetu vitambue maneno ya watu kuwa chanzo, ili mradi mwandishi ataje jina, mahali, na kama alirudi kuyasoma. Waliokuwa wakisema nawachosha watoto wakaja kuniomba kadi za mfano. Niliwapa, lakini niliwaacha wasimame kidogo kwanza.

Kabla Theodosia hajaenda kituo chake cha kazi tuliamua kuitoa kazi yake kama kijitabu kwa ajili ya wakulima. Mimi ndiye niliyeipiga chapa kwenye stensili, zile karatasi za nta tulizozungusha kwenye mashine ya kudurufu mpaka mikono ikawa myeusi. Nakala ya kwanza tuliipeleka Mbingu sisi wawili. Mama Kasiani hakusoma, akatukalisha, akaita majirani, akataka asomewe yote kwa sauti. Theodosia akasoma. Alipofika kwenye jina, mama akainua mkono.

"Soma tena hapo."

Akasoma tena. Majirani wakapiga vigelegele. Mama Kasiani alikichukua kijitabu, akakishika kwa ncha za vidole, akakitazama kwa muda. Nilidhani amefurahi tu. Kumbe alikuwa anawaza.

"Hapa mmeandika ni maneno yangu."

"Ndiyo mama," Theodosia akasema kwa wasiwasi. "Kuna kosa?"

"Mimi nilisikia kwa mama yangu. Aliitwa Magreta. Alikuwa analima pale pale chini, karibu na mto. Amefariki zamani." Akamrudishia kijitabu. "Muandikeni na yeye."

Theodosia akanitazama. Mimi nikafungua mkoba, nikatoa kalamu, kisha nikairudisha, kwa sababu jina hilo halikustahili kuchomekwa kwa kalamu pembeni. Tulirudi Ifakara na nakala yetu. Kesho yake nikaketi kwenye mashine, nikaweka stensili mpya, nikapiga ukurasa ule upya tangu mstari wa kwanza, taratibu, nisikosee herufi: Mama Kasiani, mkulima, Mbingu, aliyefundishwa na mama yake, Magreta, mkulima.